Maziwa ya kilimo hai: Je, yanastahili bei yake?

MKAZI wa mjini anayetaka maziwa leo ana njia nyingi za kuyapata. Yapo ya mchuuzi anayepita na madumu asubuhi, yapo ya pakiti dukani, na katika baadhi ya maduka makubwa yapo yaliyoandikwa “asili” au “kilimo hai”, ambayo bei yake huwa juu kuliko mengine.

Mzazi mwenye watoto wadogo hujiuliza iwapo kwa kununua maziwa ya bei nafuu anawanyima wanawe afya. Ili kulijibu swali hilo, ni vema kwanza kufahamu kile ambacho fedha ya ziada inanunua.

Maana ya kilimo hai

Maziwa ya kilimo hai hutambulika kwa namna ng’ombe alivyofugwa. Chakula chake kinapaswa kulimwa bila mbolea za viwandani wala viuatilifu vya kemikali, na kisitokane na mbegu zilizobadilishwa vinasaba. Nchini Marekani, kanuni zinataka ng’ombe huyo achungwe malishoni kwa siku zisizopungua 120 kwa mwaka.

Kuhusu tiba, Marekani hairuhusu kabisa maziwa ya ng’ombe aliyewahi kupewa dawa za antibayotiki kuuzwa kwa jina hilo. Umoja wa Ulaya huruhusu ng’ombe mgonjwa atibiwe, lakini muda wa kusubiri kabla ya kuuza maziwa yake huongezwa mara mbili.

Kwa upande wetu, nchi za Afrika Mashariki zilipitisha kiwango cha pamoja cha mazao ya kilimo hai mwaka 2007, pamoja na nembo iitwayo Kilimohai. Neno “asili” peke yake halina uzito huo. Mfugaji anaweza kuliandika bila shamba lake kukaguliwa na mtu yeyote.

Virutubisho

Mwaka 2012, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani walipitia tafiti zaidi ya 200 na hawakupata ushahidi wa nguvu kwamba vyakula vya kilimo hai vina lishe bora zaidi kwa ujumla. Hata hivyo, walibaini kuwa mabaki ya viuatilifu huwa machache katika vyakula hivyo.

Mwaka 2016, uchambuzi ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Newcastle cha Uingereza ulionyesha kuwa maziwa ya kilimo hai yana asidi za mafuta za omega-3 kwa takriban asilimia 50 zaidi. Sababu kubwa ni majani mabichi anayokula ng’ombe. Kwa hiyo, ng’ombe wa kawaida anayechungwa vizuri naye hunufaika vivyo hivyo.

Aidha, maziwa si chanzo kikubwa cha asidi hizo. Samaki wenye mafuta, wakiwamo dagaa, huzitoa kwa wingi zaidi. Uchambuzi huohuo ulionyesha pia kuwa maziwa ya kilimo hai yana madini joto machache kuliko ya kawaida. Protini na kalsiamu, ambazo ndizo sababu kuu za kumpa mtoto maziwa, hupatikana katika yote.

Hatari ambazo nembo haiondoi

Kwa familia za miji yetu, hatari kubwa zaidi hutokana na maziwa mabichi. Maziwa hayo yanaweza kubeba vimelea vya kifua kikuu cha ng’ombe na ugonjwa wa brusela, ambao humletea binadamu homa za muda mrefu na maumivu ya viungo. Ng’ombe wa kilimo hai naye huweza kuugua.

Kinga yake ni moto. Viwandani, maziwa hupashwa hadi nyuzijoto 72 kwa sekunde 15, au nyuzijoto 63 kwa dakika 30. Nyumbani, kuyachemsha mpaka yatokote kunatosha. Mtindi uliogandishwa kwa maziwa ambayo hayakuchemshwa hauna kinga hiyo, ijapokuwa ladha yake hupendwa na wengi.

Lipo pia tatizo la sumukuvu. Ng’ombe akilishwa mahindi, pumba au mashudu yaliyoota ukungu, sehemu ya sumu hiyo huingia katika maziwa, na kuchemsha hakuiondoi. Chakula cha kilimo hai kikihifadhiwa mahali penye unyevu nacho huota ukungu.

Mabaki ya dawa nayo hutegemea uaminifu wa mfugaji. Anayekamua na kuuza kabla ya muda wa dawa kuisha humuuzia mnunuzi dawa ndani ya maziwa. Hapa nembo ya kilimo hai ina faida ya kweli, alimradi ukaguzi ufanyike.

Hesabu ya nyumbani

Tuchukue mfano wa familia inayotumia lita moja kwa siku. Tofauti ya bei ikiwa Sh1,000 kwa lita, gharama ya ziada ni Sh30,000 kwa mwezi. Iwapo kwa kuilipa familia italazimika kupunguza mayai, dagaa au matunda, basi itakuwa imepoteza zaidi ya ilichopata.

Mwenye uwezo, anayejali malisho ya ng’ombe, matumizi ya dawa na hali ya ardhi, ana sababu nzuri ya kulipa. Lakini aitafute nembo iliyothibitishwa, asiridhike na picha ya ng’ombe kwenye majani.

Kwa asiye na uwezo huo, fedha ya kwanza iende kwenye maziwa yaliyosindikwa na kutunzwa katika ubaridi, au kwenye mkaa na gesi ya kuchemshia yale ya mchuuzi anayemfahamu. Mtoto anayekunywa maziwa ya kawaida yaliyochemshwa vema yuko salama kuliko anayekunywa mabichi, hata kama hayo mabichi yametoka kwenye shamba la kilimo hai.