Wajibu wa ubora wa programu (Busia na Malaba)

Wajibu wa ubora wa programu ni jukumu la anayebuni, kuandika, kupima au kutunza programu ya kompyuta au simu kuhakikisha kwamba inafanya kazi iliyokusudiwa, mikononi mwa mtu aliyekusudiwa, mahali anapoitumia. Busia na Malaba, upande wa Kenya wa mpaka na Uganda, jukumu hilo huonekana kwa macho: programu ikikwama, malori husimama.

Mifumo inayoendesha mpaka huu haikuandikwa mpakani. Simba, mfumo wa forodha ulioanza kutumiwa na Mamlaka ya Mapato ya Kenya (KRA) mwaka 2005, ulitokana na mfumo wa Senegali. Baadaye iCMS ikachukua nafasi yake. Uganda hutumia ASYCUDA World, ya ukoo wa mifumo ambayo UNCTAD, chombo cha Umoja wa Mataifa cha biashara na maendeleo, ilianza kuiunda mwaka 1981. Tangu 2014, chini ya Himaya Moja ya Forodha, ushuru wa shehena ya Uganda hulipwa Uganda kabla mzigo haujaondoka Mombasa, hivyo mifumo ya nchi hizi mbili sharti ielewane. Tarehe 24 Februari 2018 Marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walifungua rasmi kituo cha pamoja cha Busia, ambako maofisa wa pande zote hukaa pamoja na dereva husimama mara moja tu. Ni hatua kubwa, lakini imeongeza uzito wa kila kosa: mfumo wa upande mmoja ukikatika, lori lililokamilisha kila kitu upande wa pili nalo halitembei.

Kasoro za hapa zina sura ya hapa. Chukua fedha. Kiwango cha kimataifa cha ISO 4217 huipa shilingi ya Kenya tarakimu mbili za senti, na shilingi ya Uganda haipewi hata moja. Mtengenezaji aliyedhani kila fedha ina senti anaweza kuzigeuza shilingi 50,000 za Uganda ziwe 500, au 5,000,000, na programu isione tatizo. Majina nayo yana mtego wake. Alama iliyo katika Ng'ang'a au Ong'ondo ndiyo ambayo hifadhidata nyingi huitumia kufungia maneno. Programu iliyoandikwa ovyo hulikataa jina hilo au hulikata, na mwenyewe akabaki na cheti kisicholingana na kitambulisho chake.

Kisha kuna mtandao. Simu iliyo upande wa Kenya hunasa mnara wa Uganda, ombi la malipo hukatikia njiani, na mtumiaji hubonyeza tena. Programu iliyoandikwa kwa uangalifu hutambua kwamba ombi la pili ni lile la kwanza. Isiyo na uangalifu humtoza mara mbili. Mwenye kabambe, yaani simu ndogo ya vitufe, hutegemea menyu za kubonyeza nyota, ambazo ukurasa wake mmoja hauzidi herufi 182. Kosa linalotokana na mtandao dhaifu au simu ndogo halionekani kwenye ofisi yenye intaneti ya kasi jijini Nairobi.

Wanaoumia zaidi ni wadogo. Mama anayeleta mahindi kutoka Uganda kuyauza Busibwabo, wadi iliyo katika eneo bunge la Matayos, anaruhusiwa kutumia utaratibu uliorahisishwa kwa bidhaa za Afrika Mashariki zisizozidi dola 2,000. Huduma kama Sauti huwapa wafanyabiashara wa aina yake bei za masoko, viwango vya kubadilisha fedha na taratibu za mpakani kupitia simu yoyote. Anaposomewa kiwango cha jana kana kwamba ni cha leo, hasara ni ya mtaji wake. Akikata tamaa na kupita njia za panya, mzigo unaweza kukamatwa wote.

Je, nani awajibike? Nchini Uingereza, Horizon, mfumo wa Post Office ulioanza kutumika mwaka 1999, ulionyesha upungufu wa fedha usiokuwapo, na mamia ya wasimamizi wa posta wakahukumiwa kwa wizi na udanganyifu. Bunge lilizifuta nyingi za hukumu hizo kwa sheria mwaka 2024. Kasoro zilijulikana ndani ya kampuni iliyoutengeneza, na hapo ndipo hatia inapoanza: kujua na kunyamaza ni kosa zito kuliko kukosea.

Nchini Kenya, mhandisi wa daraja husajiliwa na bodi chini ya Sheria ya Wahandisi ya 2011. Mwandishi wa programu hana bodi kama hiyo. Mswada wa kuwasajili wanateknolojia ulikataliwa na Rais Kenyatta mwaka 2022. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 hudai usalama uwekwe tangu programu inapobuniwa, lakini mzigo huo huelekezwa kwa taasisi zinazoshika taarifa, na ubora mwingine kwa sehemu kubwa huachiwa mkataba. Taasisi inayonunua mfumo bila kulipia majaribio ya Malaba, usiku, foleni ikiwa ndefu, imeshiriki katika kosa. Hata hivyo mtengenezaji ndiye anayejua nini hakijapimwa, na anapaswa kuliandika hilo na kumkabidhi mnunuzi kabla ya siku ya uzinduzi.