Kufika Kwanza, Kasi Baadaye: Benzi na Barabara ya Mawe

Ukitoka Goma ukishika barabara ya Rutshuru, ukauacha uwanja wa ndege nyuma, unaanza kupanda taratibu kuelekea Munigi. Huku ardhi yenyewe ni jiwe jeusi. Ukuta wa nyumba ni jiwe hilo, ua ni jiwe hilo, na ukiiacha barabara kuu ukaingia mtaani, njia nayo ni jiwe hilohilo, lenye ncha za kuchana ubavu wa tairi. Ni zawadi ya mlima wa volkano, Nyiragongo. Tarehe 17 Januari 2002 mlima ulipasuka ubavuni, nyufa zikafunguka hadi karibu na Munigi, na uji wa moto ukashuka ukaukata mji ukaingia Ziwa Kivu. Tarehe 22 Mei 2021 ulimwaga tena, safari hii ukaifunika barabara ya Rutshuru. Watu walisubiri jiwe lipoe, mashine zikalisawazisha, magari yakapita juu yake.

Kati ya malori, pikipiki na baiskeli za mbao ziitwazo chukudu zinazoteremka na magunia ya makaa, hupita pia gari dogo la kifahari: Benzi ya zamani, au Toyota Crown iliyotoka Japani ikiwa imeshatumika. Litazame vizuri. Limesimama juu kuliko lilivyotoka kiwandani. Fundi ameweka vipande vya mpira au vya chuma juu ya springi, rimu pana zimetolewa, na mahali pake pana rimu ndogo zenye tairi nene. Gari lilelile likiwa Ulaya, mwenye nalo akitaka kuliboresha, fundi wa huko angelishusha likaribie kugusa lami.

Mmoja anashusha, mwingine anapandisha, na wote wawili wanasema wameliboresha gari. Kila mmoja anajibu barabara yake. Jibu la yule wa Ulaya limeandikwa vitabu kwa vitabu. Jibu la upande wetu lina umri mkubwa zaidi ya huo tunaoudhania, na limewahi kuwafundisha hata waliolibuni gari lenyewe.

Njia ya kasi

Mwaka 1967, Ujerumani, wahandisi wawili walioacha kazi Mercedes-Benz, Hans Werner Aufrecht na Erhard Melcher, walifungua karakana yao. Waliiita AMG: A ya Aufrecht, M ya Melcher, G ya Großaspach, kijiji alikozaliwa Aufrecht. Mwaka uliofuata Mercedes yenyewe ilitoa gari la kushangaza. Mhandisi wake Erich Waxenberger alikuwa amechukua injini ya silinda nane ya lita 6.3 kutoka lile gari kubwa la marais, Mercedes 600, akaiingiza ndani ya 300 SEL. Kwa nje lilikuwa gari la mkurugenzi wa benki. Chini ya boneti lilikuwa na nguvu ya farasi 250.

AMG hawakutosheka. Waliitanua injini hiyo ikafika lita 6.8 na nguvu ya farasi 428, wakalipaka gari rangi nyekundu, na Julai 1971 wakalipeleka kwenye mashindano ya saa 24 ya Spa, Ubelgiji. Lilikuwa zito, zaidi ya tani moja na nusu, na lilikula matairi na petroli kwa pupa. Hata hivyo Hans Heyer na Clemens Schickentanz walilifikisha nafasi ya pili, nyuma ya Ford Capri. Tangu siku hiyo, kuboresha gari la kifahari kukawa na maana moja masikioni mwa watu wengi: injini kubwa, gari chini, springi ngumu, tairi pana.

Kwenye lami ya Spa maana hiyo ni sahihi kabisa. Gari likiwa chini, uzito wake unakaa karibu na ardhi, kwa hiyo kwenye kona haliegemei sana upande mmoja. Springi ngumu hulizuia lisiyumbe. Tairi pana hung'ang'ania barabara. Lakini hesabu yote hiyo imesimama juu ya sharti moja ambalo halitajwi, kwamba barabara ni laini.

Njia ya kufika

Miaka 14 kabla ya AMG kuzaliwa, Afrika Mashariki ilikuwa imeshaanza shule yake. Mei 1953, ili kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, madereva walianza shindano la kuzunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1960 likaitwa East African Safari. Baada ya muda lilizoea kufanyika sikukuu ya Pasaka, masika yakiwa yameanza, na halikuwa na barabara ya peke yake. Mshindani alikutana na basi, ng'ombe na mto uliofurika, kama msafiri mwingine yeyote.

Katika mazingira hayo Benzi ilishinda. Mwaka 1959 Bill Fritschy na Jack Ellis walishinda kwa Mercedes 219, gari la silinda sita na nguvu ya farasi 90 tu. Mwaka 1960 wakarudia. Mwaka 1961 John Manussis na wenzake wakashinda kwa Mercedes 220 SE. Mara tatu mfululizo gari la kifahari lilitoka kwenye tope likiwa mbele ya wote, na injini yenye nguvu kuliko zote haikuwa siri yake.

Siri ilikuwa chini ya gari. Mafundi wa Safari walianza na tumbo: bamba nene la chuma au alumini likakinga sampo ya oili na giaboksi. Wakaenda kwenye bodi. Gari dogo la kisasa halina fremu ya chini kama lori. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba kila kitu, na mabamba yake yameshikanishwa kwa nukta za kulehemu. Barabara ya mawimbi ikilitikisa kwa saa nyingi, nukta hizo huachia moja baada ya nyingine, milango ikaacha kufunga. Kwa hiyo mafundi walipiga weldi kwenye maungio, hasa pale shokapu inapofungwa. Waliongeza tangi la mafuta, wakaweka vyuma mbele vya kukinga taa na rejeta dhidi ya mnyama. Nyuma, juu ya bampa, waliweka mahali pa kukanyaga na vishikio, ili gari likikwama msaidizi wa dereva aruke nje, asimame pale na kuongeza uzito juu ya magurudumu yanayosukuma.

Nusu nzima ya maarifa ilikuwa kwenye shokapu. Wengi hudhani kazi yake ni kuwapa abiria starehe. Kazi yake hasa ni kuituliza springi baada ya pigo, ili tairi lirudi chini kabla ya pigo la pili. Ndani yake mna oili inayosukumwa kwenye vitundu vidogo, na kila msukumo unaigeuza nguvu ya pigo kuwa joto. Kwenye barabara ya mawimbi mapigo hayana mwisho, oili huchemka, hulegea, na gari linaanza kurukaruka kama mbuzi. Hapo usukani unabaki mapambo. Ndiyo maana gari la Safari lilipewa shokapu nene, na wengine waliweka mbili kwa kila gurudumu. Lilipandishwa, ndiyo, lakini zaidi ya kupandishwa lilipewa nafasi ya gurudumu kusafiri juu na chini bila kugonga mwisho.

Ukali wa shule hiyo unaonekana katika hesabu zake. Mwaka 1963 yalianza magari 84, yakamaliza 7. Mwaka 1968 yalianza 93, yakamaliza 7 tena. Miaka yote miwili walioshinda ni Nick Nowicki na Paddy Cliff, wakiwa na Peugeot 404, gari la familia lenye injini ya lita 1.6 na springi laini zenye mwendo mrefu.

Waliosomea karakana

Wengi waliong'ara katika shule hiyo walikuwa wenyeji wa Afrika Mashariki, wazaliwa na wahamiaji, waliozijua barabara zake kwa kuzipita. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, alikulia katika karakana ya baba yake. Mwaka 1965, akiwa na ndugu yake Jaswant, alishinda kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika mashindanoni. Gari la mkono wa pili, lililotengenezwa upya na mtu aliyeijua kila nati yake, liliyashinda magari mapya ya viwanda. Joginder akashinda tena mwaka 1974 na 1976. Bert Shankland, Mskochi aliyekuwa akiishi Tanzania, alishinda mwaka 1966 na 1967 kwa Peugeot 404. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda mara tano, nne kati ya hizo mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982.

Watu hawa hawakuhitaji kuambiwa barabara ikoje, na viwanda vilijua hivyo. Peugeot, Datsun, Mitsubishi, Ford, wote waliyaleta magari yao huku yakavunjwe, wapate kujua pa kuimarisha. Mteja wa Ulaya aliyesifu uimara wa gari lake alikuwa anasifu, bila kujua, mashimo ya Tanganyika na tope la Uganda.

Mwaka 1977

Tarehe 10 Januari 1977 ziwa la moto lililokuwa ndani ya Nyiragongo lilikauka kwa muda mfupi mno. Mlima ulichanika, lava nyepesi kama maji ikateremka kwa mbio zisizomwachia mtu nafasi ya kukimbia, na vijiji vilivyo juu ya Goma vikapoteza watu.

Mwaka huohuo, mbali na mlima huu, Benzi nayo ilipata mtihani wake: kuanzia Agosti, magari yaliondoka London kwenda Sydney, safari ya takriban kilomita 30,000 kupitia Asia na majangwa ya Australia. Aliyeshinda ni Andrew Cowan na wenzake, kwa Mercedes 280 E. Nafasi ya pili ilichukuliwa na 280 E nyingine. Gari hilo ni la ukoo wa W123, Benzi ileile ambayo watu wetu wameifahamu kama teksi, gari la harusi na gari la mkubwa wa ofisi. Baadaye Mercedes ikarudi Safari Rally chini ya Waxenberger, mhandisi yuleyule aliyeiingiza injini ya marais ndani ya 300 SEL. Mwaka 1979 Hannu Mikkola alimaliza wa pili kwa 450 SLC 5.0, na Desemba mwaka huo magari hayo yakachukua nafasi nne za kwanza katika Rally Bandama, Ivory Coast. Mtu aliyejenga gari la lami lenye nguvu nyingi alikuja kujifunza kwenye vumbi, na akafaulu kwa kuiheshimu barabara.

Munigi leo

Fundi wa Munigi anapopandisha Benzi, basi, anaendeleza mkondo wenye zaidi ya miaka 60, hata kama hakuna aliyemsimulia. Nasema haya kwa heshima, na kwa sababu ya heshima hiyo nasema pia penye upungufu.

Kipande cha mpira juu ya springi hulipandisha gari, lakini hakiipi shokapu mwendo mrefu zaidi. Uzito wa gari umepanda juu, kwa hiyo kwenye kona litaegemea zaidi. Ekseli zinazozungusha magurudumu zimekaa kwa pembe kali kuliko ilivyokusudiwa, na mipira inayofunika viungo vyake itachanika mapema. Mpira ukichanika grisi inamwagika, vumbi jeusi la volkano linaingia, na vumbi hilo hukwangua chuma kama msasa. Magurudumu nayo yamebadili mkao. Yasiponyooshwa upya, tairi litaliwa upande mmoja. Hakuna kinachohitaji mashine ya mamilioni hapa: uzi, rula na uwanja ulio sawa vimewatosha mafundi wengi kupima mkao wa magurudumu.

Nguvu ya injini nayo ina siri yake Goma. Mji uko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi, na injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000. Benzi yenye farasi 120 Mombasa inafika hapa na mia moja na kidogo. Kama ni ya kabureta, inapata petroli nyingi kuliko hewa iliyopo, inatoa moshi mweusi na kula mafuta bure. Kubadili jeti kwa tundu dogo zaidi kunalirudishia gari pumzi, kwa gharama ndogo sana.

Kwa hiyo mwenye Benzi akija Munigi na fedha ya kuliboresha gari lake, historia inampa mpangilio ulio kinyume cha ule wa Großaspach. Aanze na tairi lenye ubavu mnene. Afuatishe shokapu nzima, zenye kulingana na springi. Kisha bamba la kukinga sampo, kwa kuwa jiwe moja la Nyiragongo laweza kuimaliza injini kwa kumwaga oili yake. Kisha breki, maana kutoka Munigi kwenda mjini ni mteremko. Injini ije mwisho, kama fedha itakuwa imebaki.

Mpangilio huo hawajaubuni waandishi. Uliandikwa na magari 77 yaliyobaki njiani mwaka 1963 na mengine 86 mwaka 1968, na unaendelea kuandikwa kila siku katika karakana za kando ya barabara ya Rutshuru. Kinachokosekana ni daftari. Fundi anayepima, akaandika shokapu ipi ilidumu miezi mingapi juu ya jiwe hili, atamwachia mwanagenzi wake shule, ili mlima ukiimwaga tena barabara mpya asianzie sifuri.