Seli zinapokufa: kwa nini mabaki yake huweza kuichochea kinga ishambulie mwili

Kila siku, makumi ya mabilioni ya seli hufa ndani ya mwili wa mtu mzima bila yeye kuhisi lolote. Kwa kawaida kifo hicho si ugonjwa. Matatizo huanza pale seli zinapokufa vibaya, au pale mabaki yake yanapokawia kuondolewa. Tofauti hiyo inasaidia kueleza jinsi ugonjwa wa lupasi unavyoweza kuifanya kinga ya mwili imgeukie mwenyewe.

Anga yenye nyota huko Mulago

Mtaa wa Wandegeya, mjini Kampala, uko kati ya vilima viwili vyenye historia ndefu ya tiba na elimu: Makerere na Mulago. Katika Hospitali ya Mulago, daktari wa upasuaji Denis Burkitt aliandika mwaka 1958 kuhusu saratani iliyokuwa ikivimbisha taya za watoto. Baadaye ilibainika kuwa ni saratani ya seli za limfu, nayo hadi leo inaitwa kwa jina lake.

Chini ya hadubini, saratani hiyo ina sura ya pekee. Seli zake husongamana na kuonekana kama giza, na katikati ya giza hilo hutawanyika madoa meupe. Wataalamu huiita sura hiyo "anga yenye nyota". Kila nyota ni makrofaji, yaani seli kubwa ya kinga inayomeza uchafu, na tumboni mwake mna vipande vya seli zilizokufa. Saratani hii hukua kwa kasi kubwa, lakini seli zake nyingi hufa vilevile, na makrofaji huzimeza kimyakimya.

Namna mbili za kufa

Mwaka 1972, John Kerr, mwanapatholojia wa Brisbane nchini Australia, pamoja na wenzake Andrew Wyllie na Alastair Currie wa Aberdeen, Scotland, walikipa kifo cha namna hiyo jina la apoptosisi. Neno hilo linatokana na Kigiriki na hutaja kupukutika kwa majani. Seli hujivunja kwa utaratibu: hunywea, hukatika vipande vilivyofungwa ndani ya utando, na kugeuzia nje aina ya mafuta ambayo kwa kawaida hukaa upande wa ndani wa utando huo. Makrofaji huyatambua mafuta hayo kama ishara ya kuimeza seli. Baada ya kumeza, hutoa kemikali zinazoituliza kinga.

Namna ya pili huitwa nekrosisi. Hutokea, kwa mfano, mtu anapoungua moto, anapopondeka au sehemu ya mwili inapokosa damu. Seli hupasuka na yaliyomo humwagika. Kinga huyachukulia mabaki hayo kama king'ora cha hatari, na kuleta mchochota, yaani uvimbe wenye joto, wekundu na maumivu. Mchochota wa muda mfupi una faida, kwa kuwa husafisha jeraha na kuanzisha uponyaji. Ukidumu, huharibu viungo.

Mabaki yanapochelewa

Hata seli iliyokufa kwa utaratibu haiwezi kusubiri milele. Isipomezwa mapema, nayo hupasuka. DNA na protini zilizokuwa zimefichika katika kiini chake hutoka nje na kukutana na kinga.

Kwa wagonjwa wa lupasi, mwili hutengeneza kingamwili dhidi ya vitu hivyohivyo vya ndani ya kiini. Kingamwili zikishikamana na mabaki, huunda mafungu yanayoweza kukwama katika figo na kwingineko. Mafungu hayo pia huzichochea seli za kinga kutoa interferoni, kemikali ambayo kwa kawaida hutumika kupambana na virusi. Mchochota huua seli nyingine, mabaki huongezeka, na mzunguko huanza upya.

Ushahidi mzito unatokana na protini ya damu iitwayo C1q, ambayo husaidia kuondoa seli zilizokufa. Watu wachache sana huzaliwa bila protini hiyo, na wengi wao hupata lupasi. Mwanga wa jua nao una nafasi yake: miale yake huua seli za ngozi, na ndiyo sababu mojawapo ya wagonjwa kutokwa na vipele au kuzidiwa baada ya kukaa juani.

Hata hivyo, uchelewaji huo si chanzo pekee. Urithi, homoni na mazingira huchangia pia. Takriban wagonjwa tisa kati ya kumi ni wanawake, wengi wao wakiwa katika umri wa kuzaa.

Tiba na uhusiano wake na Afrika Mashariki

Dawa ya msingi, haidroksiklorokwini, ni ya ukoo wa dawa za malaria. Nyingine, maikofenoleti, inahusiana na Anthony Allison, mwanasayansi aliyekulia Kenya. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi kutoka Afrika Mashariki kwamba kurithi chembe ya selimundu kutoka kwa mzazi mmoja humkinga mtu dhidi ya malaria kali. Miaka mingi baadaye, yeye na mkewe Elsie Eugui walishiriki kuibuni maikofenoleti, ambayo huzuia seli za kinga kuongezeka. Ilianza kutumiwa kwa waliopandikizwa viungo, na sasa hutibu pia figo zilizoathiriwa na lupasi. Dawa hizi huituliza kinga, lakini haziponyi ugonjwa kabisa.

Dalili za kuzingatia

Homa, uchovu na maumivu ya viungo hufanana na malaria au maradhi mengine ya kuambukiza, hivyo mgonjwa anaweza kutibiwa mara kwa mara bila kupata nafuu. Muone daktari ikiwa dalili hizo zinarudi ilhali vipimo vya malaria havionyeshi kitu, hasa zikiambatana na vidonda vya mdomoni, kunyonyoka nywele, au vipele vya mashavuni na puani. Katika ngozi nyeusi, vipele hivyo huenda visiwe vyekundu. Huweza kuonekana vya zambarau au vyeusi zaidi ya ngozi inayovizunguka.

Kipimo cha damu hutafuta kingamwili dhidi ya kiini cha seli, na kipimo cha mkojo huonyesha kama figo zinapitisha protini au damu. Figo huweza kuumia kabla mgonjwa hajahisi maumivu yoyote, kwa hiyo kipimo cha mkojo kisiachwe. Aliyekwisha kugunduliwa asiache dawa bila ushauri wa daktari, hata akijisikia mzima, na ajikinge na jua kali bila kujali rangi ya ngozi yake. Mwanamke anayepanga kupata mimba azungumze na daktari mapema, kwa kuwa maikofenoleti huweza kumdhuru mtoto tumboni.