Nuru katika Tangi la Matumbawe

Nuru katika tangi dogo la matumbawe ni riziki kabla ya kuwa pambo, kwa kuwa ndani ya nyama ya matumbawe, na ya kombe wa jamii ya Tridacna, hukaa mwani wa chembe moja ambao, ukipata mwanga wa kutosha, hasa wa buluu, hutengeneza sukari na kumgawia mwenyeji wake sehemu kubwa ya chakula. Kombe aina ya Tridacna maxima, ambaye asili yake ni pamoja na miamba ya Afrika Mashariki, hutaka nuru kali, naye akiwa na afya hujifumba mara kivuli cha mkono kinapompitia; matumbawe laini aghalabu huridhika na mwanga hafifu. Taa huwashwa kwa muda wa saa 8 hadi 10 kwa siku, na kiumbe mgeni huzoeshwa taratibu, maana nuru kali ya ghafla humpotezea mwani wake akapauka.