Kristo wa Shaba wa Assy

Tumezoea kuona msalabani sanamu ya Bwana Yesu yenye kila kitu mahali pake: uso, ndevu, taji la miiba, mbavu na misumari. Je, tungesema nini kama siku moja tungeingia kanisani na kukuta altareni Kristo asiye na macho wala kinywa, mwili wake umekonda na kukwaruzika kama gome la mti mkavu? Jambo hilo lilitokea huko Ufaransa, na habari yake yatufaa.

Katika milima ya Savoie, mkabala wa Mont Blanc, pako mahali paitwapo Plateau d'Assy. Kwa sababu ya hewa yake safi zilijengwa huko hospitali za wagonjwa wa kifua kikuu. Padri Devémy, aliyewatunza wagonjwa hao kiroho, alitaka wapate kanisa. Padri Couturier, wa shirika la Mtakatifu Dominiko, alimshauri awaite mafundi walio hodari kuliko wote wa wakati ule, hata wale wasio Wakatoliki. Basi wakaja Rouault, Léger, Matisse na wengine; naye Lipchitz, aliyekuwa Myahudi, akatengeneza sanamu ya Bikira Maria. Kanisa likawekwa wakfu mwezi wa Agosti 1950.

Kazi ya msalaba wa altare alipewa Germaine Richier, mwanamke aliyezaliwa mwaka 1902. Shaba ya namna hii si shaba tupu, bali imechanganywa na bati. Fundi hufinyanga kwanza umbo kwa udongo, kisha hufanywa kalibu, na ndani yake humiminwa shaba iliyoyeyushwa. Hivyo kila alama ya kidole hubaki. Richier hakuzifuta alama hizo. Aliyakumbuka maneno ya nabii Isaya juu ya Mtumishi wa Mungu aliyeteswa hata akakosa uzuri wote. Kwa hiyo hakuchonga uso; na mti wa msalaba aliuunganisha na mwili, hata mikono iliyonyoshwa na mti vikawa kitu kimoja.

Mwanzo wa mwaka 1951 maneno yakazuka. Watu fulani walitawanya karatasi wakisema kwamba sanamu ile inamdhihaki Mungu. Mwezi wa Aprili Askofu wa Annecy akaamuru iondolewe altareni. Mwaka 1952 Roma nayo ikawaagiza maaskofu wawe waangalifu sana na sanamu zisizo za kawaida makanisani.

Tusiwahukumu upesi waliolalamika. Mkristo anayempenda Bwana wake huumia akidhani kwamba anadharauliwa, na mchungaji anayo haki ya kulinda altare. Lakini tuwakumbuke pia wagonjwa. Wao walikuwa wamekonda, wakikohoa damu, mbali na nyumba zao. Katika shaba ile iliyokwaruzika walikuwa wameiona hali yao wenyewe, na Bwana akiwa ndani yake. Kwao haikuwa dhihaka, bali faraja, nao walihuzunika ilipoondolewa.

Padri Couturier alifariki mwaka 1954, na Richier mwaka 1959, wote wawili bila kuuona msalaba ukirudi. Mwaka 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifundisha kwamba Kanisa halikuchagua mtindo mmoja wa sanaa kuwa wake peke yake, bali hupokea sanaa ya kila wakati na ya kila taifa, mradi ilete heshima katika ibada. Yapata miaka ishirini baada ya kuondolewa, Kristo wa Assy alikuwa amerudishwa altareni, na yupo hata leo.

Twajifunza nini? Sanamu si picha ya kitambulisho, ambayo lazima ifanane na mwenyewe. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuona uso wa Yesu pale Kalvari. Sanamu njema ni ile inayotusogeza karibu naye. Basi tukikutana na sanamu tusiyoielewa, tusianze kwa kucheka wala kukasirika. Tukae kimya kidogo mbele yake, kisha tumwulize mgonjwa aliye karibu nasi yeye anaona nini. Huenda ameona kabla yetu.