Kejeli ni matusi? Tuulize historia

1/ Siasa zikipamba moto, grupu yetu ya WhatsApp ya wakulima wa chai hapa Chepseon hugawanyika. Mtu akiweka kichekesho kuhusu kiongozi, nusu wanacheka, nusu wanafoka: "Hayo ni matusi, heshimu wakubwa!" Bila kutaja mwanasiasa wala chama, tuangalie ugomvi huu umetoka wapi.

2/ Karne ya 18, waandishi wa Ulaya walianza kuuliza: nani alisema mtawala hahojiwi? Kuuliza waziwazi kulikuwa hatari, kwa hivyo wengi walilivika swali kichekesho. Hata hivyo Voltaire alifungwa Bastille, Paris, mwaka 1717, karibu miezi 11, kwa mashairi ya kumkejeli mtawala.

3/ Ireland, 1724. Mfanyabiashara Mwingereza amepewa kibali cha kutengeneza sarafu za shaba za nchi hiyo, na Bunge la wenyeji halikuulizwa. Jonathan Swift akajifanya muuza vitambaa, akaandika barua za kuzikejeli. Serikali ikaahidi pauni 300 kwa atakayemtaja mwandishi. Wengi Dublin walimjua. Hakuna aliyemtaja. 1725 kibali kikafutwa. Mkulima anayetangaziwa bei bila kuulizwa ataelewa mbona walinyamaza.

4/ Na kwetu? Muyaka bin Haji wa Mombasa, anayekadiriwa kuzaliwa 1776. Mji wake ulipozozana na Sultani wa Omani, aliwachapa maadui kwa mafumbo. Watu waliyaweka mashairi yake kichwani, na diwani yake ikachapishwa 1940.

5/ Lakini angalia tofauti. Muyaka alikuwa upande wa Wamazrui waliotawala Mombasa. Akimcheka Sultani, wakubwa wa mji wake walifurahi. Swift aliicheka serikali iliyomtawala yeye mwenyewe.

6/ Hapo ndipo tunakwama. Kejeli ikimpata wa upande ule, tunasema ni ukweli. Ikimpata wetu, ni matusi. Mimi napima hivi: ondoa kicheko, kinabaki nini? Ikibaki hoja (pesa ziko wapi? ahadi je?), ni kejeli. Likibaki kabila la mtu au sura yake, ni matusi. Kisha weka jina la mtu wako, usome tena.

7/ Sheria je? Ibara ya 33 ya Katiba ya 2010 inalinda uhuru wa kujieleza, si uchochezi wa chuki. 2017 Mahakama Kuu ilisema kashfa isiwe tena kosa la jinai, ingawa ukimzulia mtu uongo bado anaweza kukudai fidia kortini. Kwa hivyo kabla hujamwambia kijana "futa hiyo", jibu hoja yake kwanza.