Karatasi Inayolowekwa Majini na Mbio Zilizopita Chini ya Meru

Boksi la gari la mfano la Datsun 240Z, linalotengenezwa na kampuni ya Hasegawa ya mkoa wa Shizuoka, Japani, lina vipande vya plastiki vya kuunganisha kwa gundi na karatasi moja nyembamba ya stika. Historia yote imo kwenye karatasi hiyo. Humo mna namba 11 ya kubandika mlangoni, bamba la usajili la Tokyo, majina ya wadhamini na vibao vya mbio za East African Safari za mwaka 1971. Bila hiyo, ukimaliza kuunganisha unabaki na gari jekundu lenye boneti nyeusi, lisilo na jina wala nchi.

Stika hizi hazibanduliwi na kubandikwa kama zile za daladala. Picha huchapwa juu ya utando mwembamba sana, na kati ya utando na karatasi kuna gundi inayoyeyuka majini. Fundi hukata kipande kwa wembe, hukiloweka kwenye maji ya uvuguvugu kwa nusu dakika hivi, kisha hukitoa na kusubiri. Utando ukianza kuteleza, huusukuma kwa brashi iliyolowa mpaka mahali pake. Akiuvuta kwa vidole utachanika. Baada ya hapo hukamua maji kwa kitambaa laini, kuanzia katikati kwenda pembeni. Rangi ya chini lazima iwe inang'aa. Ikiwa imefifia na kukwaruza, hewa hunaswa chini ya utando na kuacha weupe usiofutika. Penye mikunjo ya bodi, dawa ya kulainisha, au hata siki kidogo, huufanya utando ulale vizuri. Vanishi hufuata, na mwisho kabisa vumbi na matope, kwa sababu gari la Safari lililo safi si gari la Safari.

Wakazi wa Arusha wameiona kazi ya jamii hii bila kuitilia maanani. Nakshi za dhahabu kwenye cherehani kuukuu za Singer, ambazo mafundi bado wanazikanyaga barazani, zilihamishwa kutoka kwenye karatasi na kufunikwa kwa vanishi. Nyingi zimedumu kuliko wenye cherehani wa kwanza.

Mbio zenyewe zilianza mwaka 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, zikaitwa Coronation Safari, na zikapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1960 zilichukua jina la East African Safari. Zilifanyika wakati wa Pasaka, masika yakiwa yamekolea, na barabara ya Namanga kuja Arusha ilikuwa sehemu ya ramani yake. Anayeujua udongo mweusi wa miteremko ya Mlima Meru baada ya mvua ya usiku haambiwi madereva walipambana na nini.

Wajapani waliziona mbio hizi kama mtihani wa magari yao. Nissan, watengenezaji wa Datsun, walianza kushiriki mwaka 1963, na mwaka 1969 ikatoka filamu ya Kijapani kuhusu Safari, mwigizaji mkuu akiwa nyota Yujiro Ishihara. Mwaka uliofuata Edgar Herrmann na Hans Schüller, madereva wa Kenya, walishinda kwa Datsun 1600SSS. Mwaka 1971 wakarudia kwa 240Z. Mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, naye akiwa kwenye Datsun, alilingana alama na Harry Källström wa Sweden na kupewa ushindi kwa kuwa ndiye aliyekwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu. Hiyo ndiyo sababu karatasi zinazochapwa Japani zinabeba majina ya mbio zetu hadi leo.

Kwa Arusha, maneno "East African" yana uzito wa pekee. Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyoundwa kwa mkataba wa mwaka 1967 makao yake makuu yalikuwa hapa. Katikati ya miaka ya 1970 mbio zilibaki Safari Rally tu, zikakimbiwa Kenya peke yake. Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika na mpaka wa Namanga ukafungwa. Ulifunguliwa tena mwaka 1983. Mkataba mpya wa Jumuiya ulitiwa saini hapahapa Arusha tarehe 30 Novemba 1999.

Gari la Herrmann linatunzwa na Nissan nchini Japani. Huku kwetu, kumbukumbu za magari hayo yakipita zimo kwenye masanduku na albamu za nyumbani, na waliosimama kando ya barabara kuyashangilia wanazidi kuzeeka. Mwenye picha, kibao cha mbio au tiketi ya wakati ule asiviache vioze kwa unyevu. Avipeleke Makumbusho ya Azimio la Arusha au Makumbusho ya Elimu Viumbe pale Boma la Mjerumani, na makumbusho hayo yavitafutie kabati.